Jemadari Aliyejisifu: John Okello na Suala la Shujaa katika Fasihi ya Mapinduzi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, katika maswali ya sifa za wahusika neno "katili" huandikwa upesi kuliko maneno mengine yote. Mtahiniwa humwita Mtemi Nasaba Bora wa Kidagaa Kimemwozea katili, hutoa mfano mmoja au miwili, hupata alama zake na kusonga mbele. Jibu hilo si baya. Hata hivyo, hali huwaje pale ambapo katili mwenyewe ndiye anayeshika kalamu? Tumhakiki vipi mtu anayejisimulia kama mkombozi, na ambaye ukombozi wake umejaa damu?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuyaangalia maisha ya John Okello, aliyejiita Fildi Mashali wa Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Okello si mhusika wa kubuni. Alizaliwa, akaua, akafukuzwa na kutoweka. Lakini aliacha kitabu, na kabla ya kitabu aliacha sauti redioni. Vyote viwili ni matini, na matini huhakikiwa.

Hoja yetu ni moja. Maisha ya Okello yamesimuliwa kwa njia mbili zinazokinzana. Ya kwanza, iliyo yake mwenyewe, humfanya yeye kuwa kila kitu. Ya pili, iliyo ya historia rasmi na ya baadhi ya riwaya zetu, humfanya kuwa si kitu. Njia hizi mbili, ijapokuwa zinapingana, zinakutana mahali pamoja: zote zinawaacha nje watu waliokufa.

Maisha yake kwa muhtasari

Okello alizaliwa mwaka 1937 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Alifiwa na wazazi angali mtoto. Alipobaleghe aliondoka kwao kutafuta kazi, akawa mtu wa vibarua: leo huku, kesho kule. Alipitia Kenya, akajifunza uashi jijini Nairobi, na akaonja jela. Mwaka 1959 alivuka bahari hadi Pemba, alikofanya kazi za mikono na kujiunga na siasa za Afro-Shirazi Party (ASP). Mwaka 1963 alihamia Unguja.

Ili tumwelewe, sharti tuielewe mandhari. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa imegawanyika kwa ardhi, kwa asili na kwa vyama. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, wengi wao wakiwa Waarabu. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa ZNP (Hizbu) na ZPPP ulitwaa viti 18 na kuunda serikali. Uhuru ulipotolewa tarehe 10 Desemba 1963, sultani aliendelea kuwa mkuu wa dola. Serikali mpya ikawaachisha kazi askari polisi wengi waliotoka bara. Kwa hivyo kulikuwa na watu wenye manung'uniko ya kweli, na miongoni mwao watu waliojua kutumia bunduki na waliozijua kambi za polisi kwa ndani.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu mia kadhaa, wengi wakiwa na mapanga, mikuki na pinde, walizivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni na kutwaa silaha. Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbia kwa meli. Asubuhi, wasikilizaji wa redio waliisikia sauti wasiyoijua ikijitangaza kuwa ya Fildi Mashali. Sauti hiyo ndiyo iliyotangaza serikali mpya na kumtaja Abeid Amani Karume kuwa rais.

Siku zilizofuata zilikuwa za mauaji, uporaji na ubakaji. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana mno, kuanzia mamia hadi 20,000. Wengi wao walikuwa Waarabu, na wapo Wahindi pia waliouawa na kuporwa. Okello alizunguka visiwani na kundi lake lenye silaha akitoa amri na adhabu.

Utukufu wake haukudumu hata miezi mitatu. Machi 1964 alipojaribu kurudi Zanzibar kutoka bara, alizuiwa asiingie, akaondolewa kisiwani na kuvuliwa cheo. Akawa mtu wa kutangatanga tena: Tanganyika, Kenya, Uganda, akikamatwa na kufukuzwa. Mwaka 1967 kitabu chake, Revolution in Zanzibar, kilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Mwaka 1971, Idi Amin akiwa amekwisha kutwaa mamlaka Uganda, Okello alitoweka. Inaaminika aliuawa. Kaburi lake halijulikani.

Majigambo yanapopanda redioni

Mtahiniwa, unapofundishwa maghani katika Fasihi Simulizi hukutana na majigambo, ambayo pia huitwa vivugo. Unazikumbuka sifa zake: hutungwa na kutongolewa na mhusika mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, hutumia chuku kwa wingi, mtunzi hujipa lakabu, husifu silaha, ukoo na matendo yake, na aghalabu humtisha adui.

Zilinganishe sifa hizo na matangazo ya Okello. Nafsi ya kwanza imetawala. Lakabu ipo: mwashi asiyekuwa na historia ya kuongoza jeshi lolote rasmi anajivika cheo cha juu kabisa cha kijeshi. Bila shaka hapa kuna mwangwi wa Mau Mau, kwani Dedan Kimathi naye aliitwa Fildi Mashali, na Okello alijinasibisha na vita vya msituni vya Kenya. Chuku nayo ipo, maana alijitangazia nguvu na silaha zilizozidi kwa mbali zile zilizokuwapo. Vitisho pia vipo: kunyonga, kuchoma, kutosa baharini. Alimwamuru sultani aiue familia yake kisha ajiue, la sivyo kazi hiyo angeifanya yeye.

Mhakiki akiishia hapo atakuwa ametaja sifa tu, hajahakiki. Swali la kuuliza ni hili: je, majigambo ni yaleyale yanapohama uwanjani na kwenda redioni?

Jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, hadhira ya majigambo ya jadi ilimjua anayejigamba. Ilijua alichinja simba au alikimbia fisi. Akizidisha uongo angezomewa, na zomeo hilo lilikuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Redio iliiondoa hadhira mbele ya mjigambaji. Msikilizaji wa Ng'ambo au wa mashamba hakuweza kuuliza, "Wewe ni nani, na umetumwa na nani?" Alibaki na sauti yenye lafudhi ya bara isiyokuwa na uso, na woga wake mwenyewe ukaijazia sura.

Pili, chuku katika utungo ni pambo, ilhali chuku katika siku ya mauaji ni amri. Mwenye panga mkononi akisikia jemadari akisema kwamba adui ateketezwe, hamuulizi kama hiyo ni mbinu ya lugha. Hapa ndipo umbuji unapogeuka silaha. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hapa Kenya, ghasia ziliwaua zaidi ya watu 1,100, na baadhi ya matangazo ya redio yalilaumiwa kwa kuchochea chuki. Mwanafunzi anayeweza kuitambua chuku katika shairi lakini asiitambue katika hotuba ya mwanasiasa hajafaidika na somo la fasihi.

Tawasifu: nani anayehesabu maiti?

Tawasifu ni utanzu tunaoufundisha katika insha: mtu anasimulia maisha yake mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, aghalabu kwa kufuata mtiririko wa wakati. Tunasahau kuwaambia wanafunzi kwamba tawasifu ni uteuzi. Mwandishi huchagua la kusema, la kuacha, na la kukuza.

Angalia jinsi Okello anavyoyapanga maisha yake. Tunaanza na yatima. Yatima anasafiri mbali na kwao. Anapata wito kupitia ndoto ambamo anaamini Mungu anamwelekeza. Anakusanya wafuasi, anashinda vita dhidi ya mfalme, kisha anasalitiwa na wale aliowapandisha. Umeukumbuka mtiririko huu? Ni ule wa shujaa wa tendi. Hata Fumo Liyongo, pamoja na nguvu zake zote, aliangushwa na mtu wa karibu, mwanawe mwenyewe. Sisemi kwamba Okello aliusoma utenzi wa Liyongo. Ninachosema ni kwamba aliyamimina maisha yake katika kalibu ambayo msomaji tayari anaiheshimu, na kalibu hiyo humtaka msomaji amhurumie shujaa na asiwatazame walioangukia upanga wake.

Mbinu ya pili ni tarakimu. Okello anatoa hesabu ya waliouawa na waliozuiliwa hadi tarakimu ya mwisho, kana kwamba alikuwa na karani kila mtaa. Pia anaeleza kanuni alizowapa wafuasi wake kuhusu nani auawe na nani asiguswe, kwa kigezo cha umri na jinsia. Msomaji wa haraka husema: tazama, jemadari huyu alikuwa na nidhamu. Msomaji makini huona kinaya. Wanahistoria waliochunguza kwa miaka mingi hawajaafikiana hata kuhusu maelfu, naye anataja hadi mmoja mmoja. Hesabu kamili namna hiyo haimthibitishii msomaji ukweli. Humzuia tu asiulize zaidi. Na kanuni ya kumchagua wa kuua haipunguzi ukatili. Huupa ukatili ratiba.

Linganisha tarakimu hizo na jambo moja: majina. Waliokufa katika simulizi ya jemadari ni maadui na vibaraka. Hawana majina, kazi wala watoto. Ilhali tunajua kwamba miongoni mwa walioshambuliwa vibaya zaidi mashambani walikuwa Wamanga, Waarabu waliotoka Omani na kuendesha viduka vidogo vya vijijini. Hawa hawakuwa na makasri. Walipimia watu unga, sukari na mafuta ya taa, na aliyewaua mara nyingine alikuwa mtu aliyekuwa na deni katika daftari lao. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anayejiita mkombozi hawezi kumtaja muuza duka huyo kwa jina, maana akimtaja, ukombozi wenyewe utaanza kuulizwa maswali.

Kinaya kingine ni cha lugha. Matangazo ya Okello yaliwafikia wananchi kwa Kiswahili, lugha waliyoielewa. Utetezi wake aliuandika kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima wa karafuu wa Pemba hangeisoma. Amri iliwaendea wanyonge, maelezo yakawaendea wengine.

Kimya cha riwaya

Sasa tugeukie upande wa pili. Katika riwaya zinazojulikana zaidi kuhusu Zanzibar ya enzi hizo, Fildi Mashali hana nafasi.

Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi inatuonyesha bwana mwenye ardhi, Fuad, na watumishi wanaodhulumiwa akiwamo Kijakazi, hadi mapinduzi yanapoupindua utaratibu huo. Vuta n'Kuvute (1999) ya mwandishi huyohuyo inarudi nyuma kwenye enzi za mkoloni, na kutupa Yasmin na Denge, pamoja na harakati za siri za vijana wa itikadi za kushoto. Hizi ni kazi nzuri. Dhuluma zinazozichora zilikuwapo kweli, na mwanafunzi asiyezisoma hataelewa kwa nini watu walibeba mapanga.

Hata hivyo, tuuangalie uteuzi. Katika uhalisia wa kijamaa, shujaa ni tabaka: wakulima, wafanyakazi, wachukuzi wa bandarini. Mtazamo huo una faida yake, kwa kuwa unatuepusha na ibada ya mtu mmoja. Lakini una hatari yake pia. Mapinduzi yakifanywa na tabaka zima, mauaji hayana mwenyewe. Na dhalimu akiwakilishwa na Mwinyi Fuad peke yake, Mmanga wa kiduka anapotea kabisa, maana hafai kuwa dhalimu wala hakupewa nafasi ya kuwa mdhulumiwa.

Kimya hiki kilikwenda sambamba na kile cha historia rasmi, ambayo kwa miaka mingi iliwakweza Karume na Kamati ya Watu 14 na kumweka Okello pembeni. Sababu hazijifichi. Alikuwa mtu wa kuja, Mkristo katika visiwa vya Waislamu, mwenye Kiswahili cha bara mahali ambapo watu hupimana kwa lafudhi. Serikali ikitaka kuyamiliki mapinduzi bila kuyamiliki mauaji, ilikuwa rahisi kumtwika mgeni damu yote kisha kumsahau mgeni mwenyewe. Wanahistoria bado wanabishana juu ya ukubwa wa mchango wake, lakini ubishi huo usitupumbaze. Mtu mmoja hawezi kuua maelfu kwa mkono wake. Kumfanya Okello kuwa kila kitu kunawaosha waliomfuata. Kumfanya si kitu kunawaosha waliofaidika naye.

Ni Shafi huyohuyo aliyeturudishia upande uliofichwa, katika Haini (2003). Hapa tunamkuta Hamza gerezani baada ya kuuawa kwa mtawala, hali inayotukumbusha yaliyofuata kuuawa kwa Karume tarehe 7 Aprili 1972. Kamatakamata na mateso ya riwaya hiyo yanatuonyesha kwamba ukatili ulioruhusiwa kwa ajili ya ukombozi haukurudi ghalani kazi ilipokwisha. Nje ya Kiswahili, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameuandika uchungu wa walioachana na kwao, kwa mfano katika Desertion (2005), ambamo Rashid yuko masomoni Uingereza mapinduzi yanapotokea na njia ya kurudi inamfungikia.

Sauti ya mdhulumiwa

Yamkini mwalimu atauliza: je, kumwita Okello katili si kuyabeza madai ya haki ya walio wengi? La, hasha. Chama kilichopata kura nyingi kilikosa serikali. Hilo ni kweli. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wachache. Hilo pia ni kweli. Lakini sababu ya jambo haiwi ruhusa ya kila kinachotendwa kwa jina la jambo hilo. Mhakiki aliyekomaa huyashika yote mawili bila kuliacha moja lidondoke.

Fasihi yetu wenyewe imekwisha kutuonyesha njia. Katika Chozi la Heri, Assumpta Matei hakuanza na aliyewasha moto. Alianza na Ridhaa, baba aliyebaki juu ya majivu ya nyumba yake na familia yake. Na aliyemtenda unyama huo ana jina na makao: ni Mzee Kedi, jirani. Tazama tofauti. Jemadari anatupa tarakimu isiyo na jina hata moja. Matei anatupa majina na hatuhitaji tarakimu. Msomaji wa Okello anaweza kufunga kitabu akijua idadi ya waliokufa na asimlilie yeyote. Msomaji wa Matei hawezi.

Hitimisho

Mwalimu, unapofundisha mhusika yeyote mwenye mamlaka na upanga, awe Mtemi Lesulia wa Nguu za Jadi au mwingine, usiwaruhusu wanafunzi waishie kwenye "ni katili". Waulize mambo matatu. Nani anasimulia, na anafaidika nini na simulizi hiyo? Nani anasikiliza, na je, anaweza kujibu? Nani ametajwa kwa idadi badala ya jina? Mwanafunzi akiyazoea maswali haya atayajibu ya mtihani, na siku atakaposikia sauti redioni au kwenye simu yake ikimwambia kwamba jirani yake ni adui, atakuwa na la kuiuliza sauti hiyo.

John Okello hana kaburi linalojulikana. Wengi wa waliouawa katika siku zake pia hawana. Yeye angalau aliacha kitabu.

Maswali ya marudio

1. Fafanua sifa nne za majigambo, kisha ueleze jinsi hadhira ya ana kwa ana inavyodhibiti matumizi ya chuku. (alama 10)

2. "Tawasifu ni uteuzi." Jadili kauli hii kwa kurejelea tawasifu yoyote uliyoisoma. (alama 10)

3. Linganisha shujaa wa tendi na shujaa wa riwaya ya uhalisia wa kijamaa. Eleza faida moja na hatari moja ya kila mtazamo. (alama 12)

4. Mwandishi wa kazi teule uliyoisoma amewapa wadhulumiwa sauti kwa mbinu zipi? Toa mifano mitano. (alama 10)

5. Chagua mhusika mdogo aliyeuawa au aliyeteswa katika kazi teule na ambaye hakupewa jina. Mpe jina, kisha uandike tukio hilo upya kwa nafsi ya kwanza, ukiwa yeye. (alama 20)